Hofu ya Watu Haiponi Chumbani

Katika matatu inayotoka Njoro kwenda Nakuru mjini, yupo abiria anayepitishwa steji yake huku akiitazama. Ameiona ikikaribia, amelitayarisha neno moja tu la kumwambia makanga, "shukisha", nalo limemkwama kooni kwa sababu akilitamka wawili watatu watageuka kumtazama. Viganja vimelowa jasho, moyo unadunda, mate yamekauka. Gari linapita. Atashuka pale abiria mwingine atakaposema, kisha arudi nyuma kwa miguu juani. Mtu huyu si bubu wala si mjinga; nyumbani huongea na nduguze mpaka usiku wa manane. Huyo huyo, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton, hupoteza alama za mada aliyoitafiti kwa bidii, kwa kuwa siku ya kuiwasilisha alijifanya mgonjwa. Akiwa mama katika chama kule Bahati, hutoa mchango wake kila mwezi bila kukosa na hajawahi hata siku moja kuuliza hesabu. Wataalamu huiita hali hii wasiwasi wa kijamii. Mara nyingi huanza katika ujana, na isiposhughulikiwa huweza kudumu miaka na miaka, ikimpunguza mtu polepole: kazi ambayo hakuiomba, mchumba ambaye hakumsemesha, haki ambayo hakuidai mbele ya chifu.

Kwa mtu wa namna hii imetokea tiba isiyohitaji daktari wala fedha, nayo ni kujigonga mwilini kwa ncha za vidole. Inafundishwa kwa video za simu na katika semina za ushauri nasaha, na aliyeijaribu akaona nafuu humfundisha mwenzake. Utaratibu wenyewe ni mfupi. Mtu huketi, hujipimia hofu yake kwa namba kuanzia sifuri hadi kumi, kisha hugonga ubavu wa kiganja upande wa kidole cha mwisho huku akitamka maneno ya aina hii: ingawa naogopa kusimama mbele ya darasa, najikubali jinsi nilivyo. Baada ya hapo vidole viwili huanza safari. Hugonga mwanzo wa nyusi, kando ya jicho, chini ya jicho, kati ya pua na mdomo, kidevuni, chini ya mtulinga, ubavuni chini ya kwapa, na mwisho utosini. Kila mahali hupata mapigo machache mepesi, na kila mahali hofu hutajwa kwa jina lake. Akimaliza hujipima tena. Ikiwa namba imeshuka kutoka nane hadi tano, hurudia.

Maoni yangu ni kwamba mbinu hii inasaidia, na sababu inayotolewa na walimu wake siyo sababu inayoifanya isaidie. Huenda mtu akauliza, kuna ubaya gani sababu ikikosewa iwapo nafuu inapatikana? Kwa anayeogopa nyoka au urefu wa ghorofa pengine hakuna ubaya mkubwa. Kwa anayeogopa watu upo, na ndio nitakaoueleza.

Roger Callahan, mwanasaikolojia wa California, alikuwa akimtibu mwanamke aliyeogopa maji, mnamo mwaka 1980 hivi. Alimgonga chini ya jicho, na mgonjwa akasema hofu imemtoka. Kutoka hapo Callahan alijenga nadharia iliyoazima mafundisho ya tiba ya Kichina kuhusu njia za nguvu mwilini: kila taabu ya moyo ni mvurugiko wa njia fulani, na kila mvurugiko una mpangilio wake wa kugongwa. Mwanafunzi wake Gary Craig, mhandisi kwa elimu yake, aliufuta utata huo katika miaka ya 1990. Aliunganisha sehemu zote kuwa mzunguko mmoja wa kutumiwa kwa taabu yoyote ile, na watu wakaendelea kupata nafuu kama zamani. Hapo palifaa kuulizwa swali. Mzunguko mmoja ukifaa kwa hofu ya maji, kwa huzuni na kwa hofu ya watu, basi ule mpangilio uliolindwa kama siri ya tiba haukuwa na kazi. Lipo jambo jingine ambalo walimu wengi wa mbinu hii hawalitaji. Ule utaratibu wa kujipimia hofu kwa namba una asili yake kwa Joseph Wolpe, daktari mzaliwa wa Johannesburg, ambaye kitabu chake cha mwaka 1958 kilieleza jinsi ya kuiondoa hofu kwa kumsogeza mgonjwa hatua kwa hatua karibu na kile anachokiogopa. Kipimo hicho kiliundwa kwa ajili ya safari ya kukikabili kitu. Tumekirithi kipimo, safari tukaiacha.

Afrika Mashariki si ngeni kwa mbinu hizi, na ushahidi wetu unastahili kusomwa kwa makini kabla ya kukimbilia wa mbali. Nchini Rwanda, Suzanne Connolly na Caroline Sakai walichapisha mwaka 2011 utafiti uliohusisha watu wazima 145 walionusurika mauaji ya kimbari ya 1994. Waliogongwa kwa mbinu ya Callahan walionyesha dalili chache za kiwewe kuliko waliokuwa wakisubiri zamu yao. Nchini Uganda, katika eneo la Kasese chini ya milima ya Rwenzori, wahudumu 36 wa kijamii walifunzwa kwa siku mbili tu, kisha wakawahudumia watu 256. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalielekea upande ule ule. Mimi huvutiwa zaidi na hizo siku mbili kuliko na hesabu za dalili. Zinaonyesha kwamba mtu wa kawaida, aliyesoma kiasi, anayeijua lugha ya jirani yake, anaweza kumfaa jirani huyo katika jambo zito la moyoni. Kwa mitaa kama Kaptembwo na Rhonda, ambako wahudumu wa afya ya jamii hupita nyumba hadi nyumba, habari hiyo ni kubwa.

Hata hivyo tafiti zote mbili zililinganisha waliohudumiwa na waliosubiri, na aliyesubiri alikuwa hajapewa chochote. Mtu aliyebeba kumbukumbu za mauaji kwa miaka kumi na zaidi, kisha akaketishwa na mwenzake anayemtazama, anayemsikiliza, anayemwambia kwamba taabu yake inajulikana na ina njia, yumkini atapata nafuu fulani hata kama vidole havikumgusa. Kumshinda anayesubiri ni ushindi mwepesi. Ili tujue vidole vinafanya nini, lazima tuwalinganishe waliogonga pale panapofundishwa na waliogonga pengine popote.

Wendy Waite na Mark Holder walifanya hivyo Kanada na kuchapisha mwaka 2003. Wanafunzi 119 wa chuo, wenye hofu mbalimbali, waligawanywa katika makundi manne. La kwanza lilijigonga sehemu zinazofundishwa. La pili lilijigonga sehemu zisizo na maana yoyote katika nadharia ile. La tatu lilipewa mwanasesere na kuambiwa limgonge yeye. La nne halikugonga kitu. Hofu ilishuka katika makundi matatu ya kwanza, na kushuka kwake hakukutofautiana. Kundi la nne halikupata nafuu hiyo. Watetezi wa mbinu walijibu kwamba anayemgonga mwanasesere anatumia ncha za vidole vyake mwenyewe, na kwamba hata kwenye ncha za vidole kuna sehemu za nguvu. Siwezi kuukubali utetezi huu. Ikiwa kila pahali unapoweza kugusa, na kila kidole unachoweza kugusia, ni pahali penyewe, basi hakuna pahali maalumu, na nadharia imejimaliza yenyewe.

Nini basi kilichowasaidia hata waliomgonga mwanasesere? Nadhani ni mambo kadhaa madogo yaliyofungwa pamoja. Mtu anaitaja hofu yake kwa sauti, pengine kwa mara ya kwanza, na baada ya kuitaja haanguki. Anaipa namba, na kitu chenye namba kina mpaka. Pumzi yake inapata mwendo. Mikono iliyokuwa ikitetemeka inapata kazi. Na pale anapojigusa mwenyewe, mguso nao una nguvu yake. Katika utafiti uliofanyiwa Frankfurt, Ujerumani, na kuchapishwa mwaka 2021, watu 159 waliwekwa katika jaribio ambalo kila mwenye hofu ya watu angelitoroka: kuhutubia na kufanya hesabu kichwani mbele ya watazamaji wasiotabasamu. Baadhi yao, kabla ya jaribio, waliweka mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni kwa sekunde 20. Wengine walikumbatiwa. Kiwango cha kotisoli, homoni inayopanda mtu anapokuwa katika dhiki, kilikuwa cha chini kwa makundi hayo kuliko kwa wasioguswa. Hapakuhitajika njia za nguvu wala mpangilio. Kilichonishika zaidi ni sehemu ya pili ya matokeo, kwamba wenyewe walipoulizwa hawakusema wamehisi dhiki pungufu, na mapigo ya moyo hayakutofautiana. Mwili ulikuwa umepoa kiasi, mwenye mwili asijue.

Hapa ndipo hofu ya watu inapoachana na hofu nyingine. David Clark na Adrian Wells walieleza mwaka 1995 jinsi hofu hii inavyojilisha. Mwenye nayo akiingia mbele ya watu, macho yake ya ndani hugeuka kujitazama: sauti inatetemeka? uso umebadilika? wameona jasho? Kutokana na anavyojihisi hujichorea picha ya jinsi anavyoonekana, na picha hiyo karibu kila mara ni mbaya kuliko hali halisi. Kisha hutumia vijihila vya kujikinga. Hukaa kiti cha nyuma karibu na mlango, hushika simu kama anayesoma ujumbe, hukariri sentensi nzima kabla ya kuitamka, huvaa sweta mchana wa jua kali ili jasho lisionekane. Mambo yakienda salama, hajifunzi kwamba watu ni wapole kuliko alivyodhani. Hujifunza kwamba sweta lilimwokoa. Mwaka huo huo Wells na wenzake walionyesha, kwa wagonjwa wanane tu lakini kwa uangalifu, kwamba kulikabili jambo linaloogopwa huku vijihila hivyo vimewekwa kando kulileta nafuu kubwa kuliko kulikabili huku umevishikilia. Tiba iliyojengwa juu ya ufahamu huu ni miongoni mwa zile ambazo mwongozo wa kitaifa wa afya wa Uingereza ulizipendekeza mwaka 2013 kuwa za kwanza kwa watu wazima wenye tatizo hili.

Sasa tuiweke mbinu ya vidole ndani ya maelezo hayo. Inamwambia mtu ageukie ndani, ajipime, agonge, ajipime tena. Inafanyika chumbani, mlango umefungwa, mahali ambapo watu hawapo. Na ikifaulu, sifa huenda kwa vidole: nisingegonga leo, ningeaibika. Kesho yake hataweza kutoka bila kugonga, na siku atakayokosa dakika tano za faragha kabla ya kuitwa mbele atahisi amevuliwa silaha. Mbinu iliyokuja kumfungua imekuwa sweta jingine. Isitoshe, anayeamini kwamba siri iko katika sehemu maalumu za mwili, akigonga na hofu isishuke, hujilaumu kwamba amekosea pahali, au kwamba nguvu zake zimevurugika kupita kiasi, wakati ambapo mtu mwenye aibu ya kudumu hahitaji lawama nyingine. Huu ndio ubaya wa sababu iliyokosewa. Inamwelekeza mgonjwa kwenye mwili wake, wakati ambapo tiba yake imesimama pale nje ikimsubiri.

Sisemi basi vidole vifutwe kazi. Nasema vipewe kazi yao, nayo ni ya mlangoni. Tumchukue yule mwanafunzi wa Egerton. Hatua ya kwanza inaweza kuwa soko la Wakulima mjini Nakuru, asubuhi kabla msongamano haujazidi. Kazi yake ni kusimama mbele ya muuza viazi vya Molo, kumwuliza bei ya ndoo, kusikia jibu, kushukuru na kuondoka bila kununua. Kwa asiyeijua hofu hii ni jambo la mzaha, lakini kwa mwenye nayo ni mlima. Ajigonge dakika mbili kabla ya kuingia sokoni ikiwa mwili wake umekataa kabisa kusogea. Aitaje hofu, ashushe pumzi. Akishafika mbele ya muuzaji, mikono ibaki chini na macho yawe kwa muuzaji: amevaa nini, anavipangaje viazi, anamwitaje mteja anayefuata. Aandike kabla ya kwenda kile anachoamini kitatokea, kwa mfano kwamba mama yule atamfokea na watu watamcheka, kisha akirudi aandike kilichotokea. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba mama yule alisema "karibu kastama", akataja bei, akamgeukia mwingine. Arudie kwa muuzaji wa pili na wa tatu, wa tatu bila kujigonga. Wiki inayofuata amwulize mhadhiri swali baada ya kipindi, halafu ndani ya kipindi, halafu asome ukurasa mmoja mbele ya wenzake wanne, na katika matatu ya kurudi Njoro aseme "shukisha" kwa sauti inayofika kwa makanga hata kama steji yake iko mbali bado kidogo. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na kugonga ni kuvua nguo tu.

Kwamba kazi ya namna hii inaweza kufanywa na watu wasio madaktari, tuna ushahidi wa Kenya wenyewe, tena ulio imara zaidi kuliko ule wa kulinganisha na wanaosubiri. Katika utafiti wa mpango uitwao Shamiri, ulioongozwa na Tom Osborn na kuchapishwa mwaka 2021, wanafunzi 413 wa shule za upili wenye dalili za sonona au wasiwasi waligawanywa makundi mawili. Wote walikutana kwa vipindi vinne, wote waliongozwa na vijana waliomaliza shule siku si nyingi, wote walipewa muda na usikivu sawa. Tofauti ilikuwa katika kilichofundishwa: kundi moja lilijifunza mbinu za kusoma, jingine lilijifunza kuamini kwamba mtu anaweza kubadilika, kushukuru, na kuishi kwa yale anayoyathamini. Dalili zilishuka zaidi kwa kundi hili la pili. Shamiri haihusiani na kugonga mwili, wala haikulenga hofu ya watu pekee. Nimeitaja kwa sababu kikundi chenyewe ni sehemu ya tiba kwa mwenye hofu hii. Anaketi na wenzake, zamu yake inafika, anasema, nao wanamsikiliza. Shule za Nakuru zina walimu wa ushauri nasaha, zina vyama vya mjadala na drama, makanisa yana vikundi vya vijana, vijiji vina vyama vya akina mama. Mahali pa kufanyia mazoezi tunapo tele.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia linatoka kwa wazee. Watasema huu ni ugonjwa wa kuletwa, kwamba sisi tulilelewa kunyamaza mbele ya wakubwa, na kwamba anayetaka kuitibu haya anataka kuharibu adabu. Ni pingamizi la kuheshimiwa, maana haya ni tunu kweli, na katika Bonde la Ufa, kwa Wakalenjin kama kwa Wakikuyu, kijana asiyejua wakati wa kunyamaza hajalelewa. Lakini mwenye haya huchagua mahali. Huinamisha macho mbele ya baba mkwe, kisha hupiga soga na rika lake na kupatana bei sokoni bila shida. Mwenye hofu hana uchaguzi. Hunyamaza mbele ya mzee, hunyamaza mbele ya rika, hunyamaza mbele ya makanga, na hunyamaza akiwa na maumivu mbele ya muuguzi. Huyu wa pili hatendi adabu kwa kunyamaza, kwa kuwa hawezi kufanya kinyume chake hata adabu inapodai aseme.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na mtu yeyote anayeandika kuhusu hofu ya watu huku kwetu hana haki ya kulikwepa. Mnamo Januari 2008, machafuko ya baada ya uchaguzi yalipofika Nakuru na Naivasha, magari yalisimamishwa barabarani, abiria wakadaiwa vitambulisho, na jina au lafudhi ikawa hukumu. Tume ya Jaji Waki, iliyoyachunguza machafuko hayo, ilihesabu vifo 1,133 nchini kote, na maelfu ya waliofukuzwa makwao walijaa katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru wakilala mahemani. Aliyefunga mdomo garini wakati ule hakuwa mgonjwa. Alikuwa anajua anachokifanya. Hofu yake ilikuwa na akili timamu, na mbinu yoyote ambayo ingeizima kwa kugonga chini ya jicho ingemhatarisha. Wapo waliobaki na kimya hicho hata baada ya barabara kufunguliwa, na wazazi wanaowaonya watoto wao hadi leo wasiseme kwa lugha ya nyumbani wakiwa mtaa fulani, hasa mwaka wa uchaguzi. Kabla ya kumfundisha mtu kuishusha hofu yake kutoka nane hadi tatu, tumwulize inatoka wapi. Ikitoka kwenye jambo lililotokea kweli na linaloweza kutokea tena, kazi ya kwanza ni ya majirani, wazee wa amani na serikali, ya kuufanya mtaa uwe salama kusemea. Na ikiwa mtu bado anaziona usiku picha za siku zile, au amekata tamaa ya kuishi, asiachwe na video ya simu. Apelekwe katika hospitali ya rufaa ya kaunti, ile ambayo wenyeji wa Nakuru bado huiita PGH, akaonwe na wahudumu wa afya ya akili.

Wapo pia wanaoikataa mbinu hii kwa imani, wakisema nguvu za Kichina zisizoonekana hazina nafasi katika mwili wa Mkristo au Mwislamu. Kwao jibu ni fupi: ushahidi wa mwanasesere umekwisha kuziondoa nguvu hizo. Kinachobaki ni mkono wa mtu juu ya kifua chake, pumzi iliyotulizwa na ukweli uliotamkwa, na sijui dini inayokataza hayo. Na wapo wanaosema, madaktari wa akili ni wachache na wamelundikana Nairobi, maskini wa Gioto au Elburgon afanye nini? Kugonga ni bure. Nakubali, na ndiyo maana siitupi. Ila kumwuliza bei muuza viazi ni bure vilevile.

Limebaki jambo moja ambalo vidole haviwezi kulifikia hata kidogo, nalo ni sisi wengine, tunaoogopwa. Hofu nyingi za kusema hadharani katika nchi hii zimefundishwa shuleni. Kwa miongo mingi watoto wamevalishwa vibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama, na darasa zima likaruhusiwa kumcheka aliyechanganya sauti za r na l alipokuwa akisoma Kiingereza. Mtoto aliyechekwa hivyo akiwa darasa la nne anapofika chuo kikuu na kushindwa kufungua mdomo, picha anayojichorea ya watu wanaomcheka ni kumbukumbu halisi. Tunamtuma achunguze tena kama watu wangali wakali, naye anastahili kuwakuta wamebadilika. Ombi langu basi si kwake. Ni kwa mwalimu wa Njoro, Molo na Subukia, kwa mwenyekiti wa chama, kwa kiongozi wa vijana kanisani na kwa makanga: mpeni aliyenyamaza zamu fupi ya kusema, mwambieni mapema itakuwa lini, msimmalizie sentensi, na mkatazeni kwa ukali yeyote atakayemcheka.